Mgeni wa Kidato cha Tano

Wasichana wa kidato cha tano walipoanza kuwasili Likwambi, Theodosia Hyera alikuwa ameshapaka chokaa chumba cha uani, ameshafua blanketi mbili nzito na kuazima taa ya sola kwa shemeji yake. Kilichobaki kilikuwa kukaa kibarazani na kusubiri aletewe mtoto wake. "Mtoto wangu," ndivyo alivyokuwa akimwambia kila aliyepita, ingawa hakumjua jina, wala sura, wala mkoa atakaotoka.

Likwambi iko mbele ya Mpitimbi kidogo, pale barabara ya vumbi inapoanza kuteremka kuelekea mtoni. Sekondari yake ni ya kata, na kwa miaka yote ilikuwa ikiishia kidato cha nne. Mtoto aliyefaulu kwenda juu alifungashiwa virago akaenda kusoma mbali. Safari hii shule ilikuwa imeruhusiwa kupokea wasichana wa kidato cha tano, na kijiji kizima kilikuwa kimefyatua matofali ya bweni. Wanaume walikanyaga udongo, wanawake walibeba maji kutoka mtoni. Theodosia alibeba maji hayo kiangazi kizima, na bega lake la kulia bado lilikuwa likimkumbusha kila baridi ilipobisha.

Bweni lilifika kwenye bati likakwama. Milango haikuwepo, vitanda havikuwepo, na Julai ikawa imefika na ukungu wake. Ndipo mkuu wa shule, Mwalimu Epifania, alipoitisha mkutano akasema wazi kwamba watoto wako njiani na hana pa kuwalaza. Aliomba familia zenye nafasi ziwapokee mpaka bweni likamilike. Watu waliangaliana. Theodosia akasimama.

"Mimi chumba ninacho," alisema. "Devota kaolewa Makambako, Ramson yuko Dar es Salaam anaendesha magari ya watu. Nimebaki na mzee wangu tunaangaliana. Niletee mmoja."

Baada ya yeye kusimama, wengine nao walisimama, mpaka nyumba zikazidi hesabu ya wasichana waliotarajiwa.

Lakini waliokuja walikuwa wachache. Wazazi wengi waliposikia bweni halina milango walitafuta uhamisho kimyakimya. Wale waliofika waligawanywa kwenye nyumba zilizo karibu na shule, na wote wakaenea huko. Theodosia, aliyesimama wa kwanza, hakupata mtu. Hakulalamika. Alikunja blanketi akaziweka juu ya sanduku, kisha akaenda kupalilia vitunguu ambavyo havikuwa na magugu.

"Huenda ni heri," alisema mumewe Hironimus jioni hiyo. "Watoto wa siku hizi wana mambo. Ungemweza?"

Kilichomuuma Theodosia zaidi kilikuwa yale aliyoyasikia kisimani, kwamba wasichana wakipungua zaidi ya pale, darasa lenyewe litahamishiwa shule nyingine na bweni litageuzwa stoo.

Wiki ilipoanza, jua likiwa linaelekea kuzama, Mwalimu Epifania alitokea njiani akiwa na msichana mrefu, mwembamba, aliyejitwika godoro. Nyuma yao kijana wa bodaboda alisukuma pikipiki iliyofungwa sanduku la bati. Msichana alivaa hijabu nyeusi iliyomfika kiunoni na ndala zilizokuwa hazifai kabisa kwa baridi ile.

"Mama Devota, huyu amechelewa kufika," alisema Mwalimu Epifania. "Anaitwa Zaituni Bakili. Ametoka Nakapanya, Tunduru. Anasoma kemia, baiolojia na jiografia."

"Shikamoo mama," alisema msichana, akapiga goti kidogo godoro likiwa bado kichwani.

"Marahaba mwanangu. Karibu. Karibu sana nyumbani."

Wakati huohuo Hironimus alitokeza nyuma ya nyumba na ndoo ya pumba mkononi, na nyuma yake, kama ilivyokuwa kila jioni, nguruwe walianza kupiga kelele za njaa. Banda lao lilikuwa hatua chache tu kutoka dirisha la chumba cha uani. Jike lilikuwa na watoto, na kelele zao zilijaa ua wote. Hironimus alisimama akaitazama hijabu, akaitazama ndoo, kisha akaiweka chini taratibu kana kwamba ameikuta mkononi kwa bahati mbaya.

Mwalimu Epifania alimvuta Theodosia pembeni. "Nyumba zilizo karibu na shule zimejaa. Mama Devota, utaweza?"

"Nitaweza," alijibu Theodosia, kabla hajajua ataweza nini.

Siku zilizofuata alijitahidi kuliko alivyowahi kujitahidi kwa mgeni yeyote, hata padri. Alipanda gari kwenda Songea mjini akanunua sufuria mpya, mwiko mpya na sahani mpya, akavitenga kwenye rafu ya peke yake na kumwonyesha Zaituni. "Hivi ni vyako. Havijagusa kitu." Zaituni alishukuru kwa sauti ndogo akaangalia chini. Theodosia alimpikia wali, ambao nyumbani hapo ulipikwa Krismasi na Pasaka. Alimchemshia mayai. Alimkaangia samaki wa Ziwa Nyasa waliokaushwa. Zaituni alikula vijiko vichache, akasema, "Nimeshiba mama, asante," akarudi chumbani.

Usiku wa kwanza msichana alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Theodosia alimpelekea koti la Hironimus, lile zito alilovaa akienda misa za asubuhi. Halafu alfajiri akasikia maji yakimwagika uani. Alichungulia akamwona Zaituni akitawadha kwa maji ya pipa, yaliyokuwa ya baridi ya kukata vidole. Tangu siku hiyo Theodosia aliamka kabla ya majogoo, akawasha moto, na msichana alipofungua mlango alikuta kidumu cha maji ya vuguvugu kimewekwa kizingitini. Hawakuzungumza habari za kidumu hicho. Kilikuwepo tu.

Kazi ndiyo kitu ambacho Theodosia hakumruhusu kabisa. Zaituni akishika ufagio, Theodosia aliuchukua. Akiinua ndoo, Theodosia alimwita Hironimus. "Wewe kasome, mwanangu. Hukutoka Nakapanya uje kufagia ua wangu." Msichana aliachia ufagio, akasimama kidogo mikono ikiwa haina pa kwenda, kisha akaingia ndani.

Siku moja jioni, Theodosia akiwa anaanua nguo, alimsikia Zaituni akizungumza na simu nyuma ya nyumba, mahali penye mtandao. Alizungumza Kiyao, lugha ambayo Theodosia hakuijua, lakini kilio hakihitaji mkalimani. Msichana alikuwa akilia kwa kukazana, kama mtu aliyejizuia muda mrefu. Katikati ya maneno Theodosia alidaka "baba" na "Jumamosi".

Aliingia jikoni akakaa juu ya kigoda. Anaondoka, alijiambia. Baba yake atakuja Jumamosi amchukue. Atapungua huyu, na kesho watapungua wengine, na darasa litakwenda.

Nje, nguruwe walikoroma.

Hironimus alipoingia kuota moto, mkewe hakumpa nafasi ya kuvua buti.

"Baba Devota, wahamishe nguruwe."

"Niwahamishie wapi?"

"Kwa Amedeus, kule bondeni. Ana banda tupu."

"Jike lina watoto, Mama Devota. Na kule ni mbali. Nitakuwa natembea na pumba asubuhi na jioni kama mchuuzi?"

"Mtoto analia. Dirisha lake linatazama banda. Akifungua harufu, akifunga kelele. Watu wa dini yake hawataki hata kukaribiana na mnyama huyo, nasi tumemlaza naye."

"Amekwambia hivyo?"

"Mtoto mwenye adabu atakwambiaje?"

Hironimus alinyamaza muda mrefu, akichokonoa makaa kwa kijiti. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na akinyamaza ilikuwa dalili kwamba ameshashindwa na anatafuta namna ya kulikubali. Mwisho alisema, "Kesho. Lakini ukinisikia nalalamika njiani, niache nilalamike."

Alilalamika kweli. Yeye na mdogo wake Amedeus walimfunga jike kamba wakamvuta kijijini katikati huku watoto wake wakitawanyika kwenye mashamba ya watu, na kila aliyewaona alitaka kujua kulikoni. Hironimus alimjibu kila mmoja kwa kirefu. Mpaka mchana, Likwambi nzima ilijua kwamba Mzee Hironimus amehamisha nguruwe kwa ajili ya mgeni wa kidato cha tano.

Zaituni naye alizisikia habari hizo akiwa bado darasani. Aliporudi nyumbani alipitiliza moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba. Theodosia alimfuata akitabasamu, akitegemea kumwona uso umemfunguka. Alimkuta amesimama mbele ya banda tupu, madaftari kifuani, machozi yanamtiririka.

"Mama, kwa nini mmewaondoa?"

"Kwa ajili yako, mwanangu. Ukae kwa raha."

"Mimi sikusema neno. Sasa shuleni wananiuliza, eti Mwislamu wa Mama Devota kafukuza nguruwe wa watu. Mzee atembee mpaka bondeni kwa sababu yangu? Mtanichukia."

"Nani akuchukie? Si ulikuwa unalia kwenye simu?"

"Sikulia kwa sababu ya nguruwe. Kwetu jirani anafuga. Wakija kwetu tunawafukuza, tunaendelea na shughuli zetu."

Theodosia alishika nguzo ya banda. "Sasa ulikuwa unalia nini?"

Zaituni alijifuta kwa ncha ya hijabu. Alijibu akitazama ardhi.

"Nyumbani mimi ndiye mkubwa, mama. Mama yetu alifariki. Naamka nawapikia uji wadogo zangu, nawaogesha, nachota maji, halafu ndiyo nasoma. Hapa nikishika ufagio mnaninyang'anya. Nikitaka kuosha chombo mnaninyang'anya. Nakaa chumbani kama mgonjwa. Mkinipa wali, ninyi mnakula ugali. Nikikaa hivyo nawakumbuka wadogo zangu, najiuliza nani kawapikia, na chakula hakipiti. Nimemwambia baba sipawezi."

Kuna mambo yanayomfanya mtu acheke na kuona haya kwa wakati mmoja. Theodosia alifikiria wali, sufuria mpya, samaki wa Nyasa, na jike la nguruwe likiburutwa kijijini, akajikuta anacheka mpaka akakaa chini. Zaituni alimtazama kwa mshangao. Kisha na yeye, machozi bado mashavuni, akaanza kucheka.

"Haya," alisema Theodosia alipopata pumzi. "Maharage yako jikoni hayajachambuliwa. Ukimaliza, kachote maji. Na ufagio unajua ulipo."

Ilikuwa hivyo. Jioni ileile Zaituni alieleza kwa utaratibu nini anakula na nini hali, chombo gani hakina shida na kipi aachwe nacho, na mambo yakawa mepesi kuliko Theodosia alivyoyadhania. Alipika mboga za maboga kwa korosho alizotwanga, alizokuja nazo kutoka kwao. Hironimus aliirudia mboga hiyo, akaifuta sahani kwa tonge la mwisho, akasema kwamba kama hivi ndivyo Wayao wanavyokula, basi utani kati yao na Wangoni ulikuwa umemchelewesha bure. Siku iliyofuata Zaituni aliunguza maharage kwa kusoma huku anapika, na Theodosia alimgombeza kama alivyokuwa akimgombeza Devota. Msichana aliinamisha kichwa akasema "samahani mama", lakini midomo yake ilikuwa ikizuia tabasamu.

Shuleni pia alianza kufunguka. Aliunda kikundi cha baiolojia na wenzake waliolala nyumba za jirani, wakawa wanakutana kibarazani kwa Theodosia, wakibishana juu ya moyo wa chura na mizizi ya mimea. Theodosia alipukuchua mahindi akiwasikiliza. Hakuelewa nusu ya maneno yao na hakujali. Alipenda namna walivyokatizana.

Jambo moja walilisahau wote. Hakuna aliyempigia simu Bakili, baba yake Zaituni, kumwambia asije.

Alikuja Jumamosi kama alivyoahidi. Alishuka kwenye bodaboda amevaa kofia ya kufuma na koti la suti, mkononi kiroba cha korosho, kwa kuwa alikuwa mfanyabiashara wa korosho huko Nakapanya barabarani na hakuwa mtu wa kwenda kwa watu mikono mitupu. Kazi uani ilikuwa imepamba moto. Mahindi yalikuwa juu ya kichanja, na Zaituni alikuwa amejifunga kanga kiunoni, fimbo mkononi, akiyapura kwa nguvu. Makapi yalikuwa yamemjaa toka hijabu mpaka nyusi. Theodosia alikuwa upande wa pili akipepeta.

"Baba," alisema Zaituni, akaruka chini toka kichanjani, akamshika baba yake mikono yote miwili na kumwinamia.

Bakili alimtazama mwanawe juu mpaka chini. Alisalimia kila mtu vizuri, akapokea kiti, akanywa maji. Zaituni alipokwenda kunawa, aliweka kikombe chini.

"Dada," alimwambia Theodosia, "nashukuru nimemkuta mzima. Lakini mimi nilimleta kusoma. Kupura mahindi hata kwetu kupo. Sikujua kwamba nimewaletea mfanyakazi."

Theodosia alikung'uta makapi kwenye ungo. Angesema nini? Kwamba mtoto mwenyewe aliomba kazi? Nani angeamini neno kama hilo likitoka kwa mwenye mahindi? Hironimus alijaribu kuingiza utani. "Mtani, umekuja kudai mali yako?" Lakini Bakili alitabasamu kwa adabu tu, na utani ukaanguka palepale.

Zaituni alirudi uso ukiwa safi.

"Funga vitu vyako," alisema baba yake. "Nimezungumza na watu Tunduru. Nafasi inaweza kupatikana. Gari la mchana tunaliwahi."

"Baba, mimi siendi."

"Ulilia kwenye simu mpaka bibi yako hakulala."

"Nililia. Nilikuwa mgeni. Sasa si mgeni."

"Naona. Umekuwa kibarua."

"Hapana baba." Zaituni alikaa mkekani karibu na miguu yake. Hakuinua sauti. "Walininyima kazi, ndiyo maana nililia. Walinikalisha kama bibi harusi. Mzee akahamisha nguruwe wake wote kwa ajili yangu, na mimi sikumwomba. Hii kazi nimeomba mwenyewe. Nikifanya kazi asubuhi, mchana kichwa kinashika masomo. Unanijua. Na Jumatatu kikundi changu kina zamu ya kufundisha wenzetu mmeng'enyo wa chakula. Nikiondoka, nani atasimama pale mbele?"

Bakili alitoa leso akajifuta shingo, ingawa hapakuwa na joto. Kisha akasema, "Nionyeshe unapolala."

Theodosia alibaki uani na ungo mikononi. Aliwasikia wakizungumza Kiyao, sauti ya baba fupi, ya binti ndefu. Alijiambia kwamba mtoto ni wa mwenyewe, na mwenyewe amekuja. Alijiambia pia kwamba, kama ataondoka, atampa lile koti asitetemeke njiani.

Bakili alitoka akiwa ameshika kile kidumu cha maji.

"Mtoto ananiambia kila alfajiri anakikuta kimejaa maji ya moto mlangoni," alisema. "Nani anachemsha?"

"Mimi," alisema Theodosia.

"Wewe alfajiri huswali."

"Siswali. Naamka tu, ndugu yangu. Uzee umeninyang'anya usingizi."

Bakili alimtazama. Uso wake, uliokuwa umekaza tangu aliposhuka kwenye pikipiki, ulilegea kidogokidogo, na alipocheka Theodosia aliona kwamba Zaituni alikuwa amemrithi meno.

"Uzee gani, dada. Kumbe kuna uzee unaojua saa ya alfajiri." Alikirudisha kidumu mahali pake kwa uangalifu. Kisha akamgeukia Hironimus. "Mtani, na wewe nasikia umewatembeza nguruwe kijijini kama bwana harusi."

"Nimewatembeza," alisema Hironimus, uso umemng'aa, "na Mngoni mwingine akikusimulia vibaya, mimi ndiye niliyekuwepo."

Gari la mchana halikumchukua mtu. Bakili alivua koti la suti, akakunja mikono ya shati, akachukua fimbo ya pili, na kazi ya mahindi iliyotegemewa kumalizwa kesho yake ikaisha jua likiwa bado juu. Jioni alikula alichopika binti yake. Usiku alilala chumba cha mbele, na asubuhi alikwenda kuiona shule. Mwalimu Epifania alimzungusha darasani, maktabani, na kwenye bweni lile lisilo na milango. Bakili aligonga ukuta kwa kiganja akauliza matofali yalifyatuliwa na nani. Alipoambiwa ni wanakijiji wenyewe, alitikisa kichwa taratibu.

Kituoni, kabla gari halijaja, alimwambia Theodosia, "Akikosea, mchape maneno kama wako. Akilia, nipigie wewe, usimwache anipigie yeye. Yeye huwa anasahau kunipigia akishanyamaza." Zaituni, aliyekuwa amesimama kati yao, aliangalia pembeni akiona haya.

Vitanda vilifika mwishoni mwa Agosti, baada ya milango. Wanakijiji walikwenda kusaidia kuvishusha, na siku ya Jumapili wasichana walihamia bwenini, masanduku vichwani, kila mmoja akisindikizwa na familia iliyomlaza. Theodosia alibeba godoro. Alitegemea kulia njiani, lakini hakulia, kwa sababu Zaituni alikuwa akimweleza bila kupumzika ni kitanda gani atakachochagua na kwa nini. Baadhi ya wale waliokuwa wametafuta uhamisho walikuwa wameanza kurudi. Hakuna aliyesema tena habari za kuhamisha darasa.

Septemba, Mwalimu Epifania aliitisha kikao cha wazazi. Theodosia alikwenda kwa sababu shule ilikuwa ya kijiji chake, akakaa nyuma karibu na dirisha. Wazazi wengi wa kidato cha tano hawakuwepo, walikuwa mbali. Mwalimu alianza kuita majina ya wanafunzi, na mzazi aliyekuwepo alisimama ajulikane. Majina mengi yalipita bila mtu kusimama.

"Zaituni Bakili."

Theodosia alishangaa kuona watu wamegeuka kumtazama. Alikuwa ameshasimama, mkoba umemdondoka miguuni.

Mwalimu Epifania alitabasamu. "Mama Devota. Karibu. Una lolote la kusema kwa niaba ya mwanao?"

Angeweza kusema hapana, asante, akakaa. Lakini kwa wiki kadhaa kibarazani kwake alikuwa akiwasikia watoto wale wakilalamika, na hakuwa amebeba maji kiangazi kizima ili watoto wasome nusu.

"Ninalo," alisema. "Watoto wanasema mwalimu wa kemia aliondoka tangu mwezi uliopita, na wanajifundisha wenyewe. Sisi wazazi tunataka kujua mwingine anakuja lini. Na kama kuna mahali pa kwenda kumwomba, tuambie ni wapi, twende."

Sauti za "ndiyo" zilianza kusikika kutoka kwenye madawati ya mbele, na Mwalimu Epifania akachukua kalamu, akamwomba Mama Devota asikae kwanza, aje mbele wapange siku ya kwenda mjini.